Shabiki wa Ugenini na Haki ya Kupendelea

Katika ligi ndogo za hoki ya barafuni huko Marekani na Kanada, kwa kawaida hakuna jukwaa la wageni. Anayeifuata timu yake mpaka mji wa wapinzani hununua tiketi kama mtu mwingine yeyote, kisha huketi palepale namba ya kiti inapomweka: kulia kwake baba na mtoto wamevaa jezi za wenyeji, kushoto kwake mzee aliyekata tiketi ya msimu mzima. Hakuna uzio, wala upande wake, kama mashabiki wa Simba na Yanga wanavyougawana Uwanja wa Benjamin Mkapa. Timu yake ikifunga, anasimama peke yake katikati ya watu walioketi. Je, mtu huyu ana haki ya kupendelea? Swali hili si dogo, maana dini na falsafa nyingi zimetufunza kuwatazama watu kwa jicho moja. Naye ametoka kwake, amesafiri na kulipa nauli, ili awatakie kushindwa watu wasiomkosea lolote, tena ndani ya nyumba yao.

Ligi ndogo hulifanya swali kuwa gumu zaidi. American Hockey League, iliyoanza mwaka 1936, iko ngazi moja chini ya ligi kuu ya hoki, NHL, na klabu zake zimefungamana na klabu za juu. Klabu ya juu humwita mchezaji wakati wowote inapomhitaji, hata wakati wa mtoano. Shabiki wa Lehigh Valley Phantoms, timu ya Allentown, Pennsylvania, anajua kwamba kijana anayemshangilia leo anaandaliwa kwa ajili ya Philadelphia Flyers, na kwamba kadiri anavyong'ara ndivyo anavyokaribia kuondoka. Basi shabiki huyu anapenda nini hasa? Wachezaji hawakai. Kombe la Calder, linalogombewa katika ligi hiyo, watu wengi nje ya miji hiyo hawajalisikia. Faida ya fedha hana. Ukiondoa yote hayo kinabaki kitu kimoja, nacho ni uaminifu wenyewe, kwa mji na kwa watu wanaokutana majira yote ya baridi chini ya paa moja.

Tuchukue mechi moja. Tarehe 9 Mei 2018 Phantoms walikuwa Charlotte, North Carolina, zaidi ya kilomita 700 kutoka kwao, kwa mechi ya nne ya mtoano dhidi ya Checkers. Katika mtoano wa ligi hiyo hakuna sare wala mikwaju ya penalti. Zikiisha dakika 60 bila mshindi, huongezwa vipindi vya dakika 20, kimoja baada ya kingine, na bao la kwanza ndilo linalomaliza kazi. Usiku ule waliingia kipindi cha tano cha nyongeza. Ilipotimia dakika ya 146 na sekunde 48, saa saba ya usiku ikiwa imeshapita, Alex Krushelnyski wa wageni akafunga, 2–1. Ilikuwa mechi ndefu kuliko zote zilizowahi kuchezwa katika ligi hiyo. Kipa wa wageni, Alex Lyon, alikuwa ameokoa mashuti 94. Yatazame mashuti hayo kutoka kiti cha mwenyeji: mara 94 mtu anainuka nusu, anarudi kukaa, na mbaya wake ni yuleyule. Mgeni wa kiti cha pili amepita katika usiku huohuo kinyume chake, akiogopa pale mwenzake anapotumaini. Hawakutaka jambo moja hata kwa dakika moja, lakini saa ile hakuna mtu duniani ambaye angemwelewa mmoja wao kuliko jirani yake. Na katika msimu wa 2022–23 Lyon huyohuyo alivaa jezi ya Charlotte.

Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Kupendelea huwa dhambi pale kunapodai kwamba wangu ni bora kuliko wako, au kwamba wako hawastahili kupendwa. Mama anayempenda mwanawe kuliko watoto wa mtaa hajamdhulumu mtu. Angedhulumu kama angemkataza jirani naye asimpende wake. Mwanafalsafa Mmarekani Josiah Royce, katika kitabu chake cha mwaka 1908 kuhusu uaminifu, alitoa kipimo ninachokikubali: uaminifu ulio mwema ni ule unaouheshimu na kuukuza uaminifu wa wengine, hata wa wapinzani. Sasa, kipimo hiki ni wapi kitapimwa kwa uhakika? Nyumbani shabiki amezungukwa na maelfu wanaofanana naye, na ni rahisi kudhani upande ule mwingine ni rangi tu ya jezi. Ugenini anaona nyuso. Anamwona mzee wa tiketi ya msimu akifunga macho kipa anapookoa, na hawezi tena kujidanganya kwamba mapenzi ya mzee yule ni madogo kuliko yake. Mwenyeji naye anapata somo hilohilo bila kusafiri. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na hapa usemi huo ni kweli tupu.

Wapo watakaosema ingekuwa heri kutopendelea kabisa, tukaupenda ustadi popote ulipo. Mtazamaji wa namna hiyo anaona mengi, sikatai. Lakini mwanafalsafa Nicholas Dixon, aliyeliandikia suala hili mwaka 2001, alionyesha kwamba shabiki anayestahili sifa ni mwenye kiasi: anashikamana na timu yake, ila yuko tayari kuiacha ikikosa uadilifu. Naongeza kwamba asiyependelea hana anachokitoa. Kumpigia makofi kipa aliyekunyima usingizi mara 94 kunagharimu. Kwa asiye na upande ni kazi bure.

Pingamizi la mwandishi George Orwell ni zito zaidi. Mwaka 1945, baada ya ziara ya timu ya soka ya Dynamo Moscow nchini Uingereza, aliandika kwamba michezo huchochea chuki badala ya kuizima. Na hoki inampa ushahidi: wachezaji hupigana ngumi uwanjani, adhabu yake ya kawaida ikiwa dakika tano kwenye kibanda cha adhabu, na wapo watazamaji wanaozishangilia ngumi hizo kuliko mabao. Sitetei hilo hata kidogo. Lakini Orwell alihofia zaidi mashindano yaliyobebeshwa heshima ya mataifa, ambapo kushindwa huhesabiwa fedheha ya nchi. Allentown haina jeshi dhidi ya Charlotte. Tena mfululizo wa mtoano unapokwisha, wachezaji wa timu zote mbili hupanga foleni katikati ya barafu na kupeana mikono, mmoja mmoja, hata waliopigana. Majukwaani hakuna foleni ya namna hiyo. Kuna watu wawili tu, viti vyao vikigusana. Ndiyo maana nawasihi wanaosimamia viwanja hivi wasije wakawatengea wageni pembe yao, hata kwa nia njema ya usalama. Anayeleta fujo atolewe, awe mgeni au mwenyeji. Wengine wote waachwe waketi tiketi ilipowaweka.