Mnyama wa Wote

Mwaka 2019, kusini ya Kahororo, mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalifanywa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na uwindaji ukakomeshwa humo. Lakini katika mapori ya akiba mengine ya Tanzania, mgeni mwenye leseni aweza kuua nyati kwa fahari. Mwanakijiji auaye swala kwa ajili ya kitoweo, bila kibali, huitwa jangili. Hatumtetei mvunja sheria. Twauliza tu: ikiwa wanyama wa porini ni mali ya umma, kama isemavyo Sheria ya mwaka 2009, ni nani apaswaye kufaidi kifo chao? Leseni humwondolea mwindaji hatia mbele ya hakimu. Haimwondolei deni kwa jirani ambaye shamba lake huliwa na tembo. Deni hilo na lilipwe kwanza.