MKONO ULIOTUMA UJUMBE

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad.

Ndugu Muislamu, tarehe 9 Desemba 2021, hapa hapa Lweba, Meja Kaminzobe wa jeshi la FARDC, Mnyamulenge, alipigwa mawe na umati wa watu hadi akafa, na mwili wake ukachomwa moto. Jambo hilo unalijua, na pengine hupendi litajwe siku ya Ijumaa. Waliorusha mawe tunawaachia mahakama. Leo tunauliza juu ya wale waliopokea video yake katika simu, wakaitazama, wakaongeza kicheko, kisha wakawatumia wengine.

Utasema: "Mimi sikuwapo, nilituma tu." Utasema pia kwamba na sisi tumezika watu wetu, na vijiji vya Fizi vimechomwa. Ni kweli, na asikuambie mtu kwamba kilio chako ni cha uongo. Lakini aliyechoma nyumba ana jina lake na dhambi yake. Yule unayemwita nyoka katika grupu la WhatsApp ni nani? Huenda ni mwanafunzi wa Uvira, au mama muuza maziwa, ambaye hakukuchagulia wewe msiba wala hakujichagulia kabila. Nao wakitutukana sisi vivyo hivyo, hukumu ni ile ile.

Rwanda, mwaka 1994, redio RTLM iliwaita Watutsi mende huku wakiuawa. Desemba 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Arusha iliwahukumu wakubwa wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura, na uchochezi ulikuwa miongoni mwa makosa yao. Vifungo vilipunguzwa kwenye rufaa mwaka 2007; hoja haikufutwa. Nawe leo, kwa mega za franga chache, una redio mfukoni.

Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11 na ya 12, inakataza kudharauliana, kuitana majina mabaya na kusengenyana, na msengenyaji imemfananisha na mla nyama ya ndugu yake aliyekufa. Wala si ukabila peke yake. Msichana aliyepigwa picha kwa siri, mlemavu anayechekwa shuleni, mjane anayezuliwa uchawi, wote hao wanaliwa.

Aliyeiba mbuzi humrudisha mbuzi kwa mwenyewe, akaomba radhi. Haki ya mja haifutwi kwa kusali peke yake, mpaka mwenyewe asamehe. Sasa wewe uliyetuma, utamwomba nani radhi? Aliyekufa hajibu. Na ujumbe wako umeshafika Baraka, Bukavu, Kigoma, katika simu za watu usiowajua.

Kabla ya Alasiri fungua simu yako. Kama ingali humo, ifute, kisha waambie wale uliowatumia kwamba hukupaswa kuwatumia. Baadhi yao watakucheka.