Kabla ya Kukata Mtutu

Somo: Luka 14:28–30

Katika somo letu Bwana Yesu anamtaja mtu aliyeanza kujenga mnara bila kupiga hesabu, akaishia kuchekwa na watu.

Hesabu hiyo huwakabili hata wawindaji. Huko Marekani familia nyingi zimerithi bunduki za marisau, kama Winchester Model 12 iliyotoka mwaka 1912. Nyingi zina mtutu uliobanwa sana mdomoni ili marisau yasitawanyike: kwa umbali wa mita 37 hivi, asilimia 70 hivi ya marisau hutua ndani ya duara lenye upana wa sentimita 76. Hilo humfaa anayewinda bata arukaye mbali. Kware akiibuka karibu na miguu, mwindaji humkosa au humharibu asilike. Ndipo mrithi anapofikiria kuweka kifaa kama Poly-Choke, kinachozungushwa kwa mkono ili kubana au kutawanya marisau. Kifaa ni kizuri, ila kwa kawaida fundi hukata kwanza ncha ya mtutu, na machoni pa wakusanyaji wa silaha za kale thamani ya bunduki hushuka. Kipande kilichokatwa hakiungwi tena.

Wapo wasemao urithi usiguswe kamwe. Lakini babu aliinunua bunduki ili nyumba yake ipate kitoweo, si iwe pambo la ukutani. Anayeibadilisha ili aitumie hajamvunjia babu heshima. Wapo pia wasemao chombo ni chombo tu, kata. Hao nao wana haraka. Mtutu wa Model 12 hufunguliwa. Mwenye subira hutafuta mtutu wa pili, fundi akauwekea kifaa hicho, na ule wa babu ukabaki mzima.

Ndugu zangu, maamuzi mengi hurekebishika, wala hayahitaji mfungo na mkesha. Machache hayarudi nyuma: kuuza shamba la ukoo, kuvunja ndoa, kumfukuza mtoto nyumbani. Maji yakimwagika hayazoleki. Ukikabiliwa na uamuzi wa namna hiyo wiki hii, keti kwanza. Jiulize kama haja ni ya kweli au ni hasira na tamaa. Kisha utafute njia inayotimiza haja bila kukata kisichoungika. Ukiikosa, omba, shauriana na wazee, ndipo uamue bila woga.