Gari Lililojua Linapimwa



Ndugu wasomaji, mnaijua habari ya Mtume (rehema na amani zimfikie) na muuza nafaka. Alipita sokoni, akatia mkono ndani ya fungu la chakula, vidole vikatoka vimelowa. Muuzaji akajitetea kwamba ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi asikiweke juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha akasema juu ya mwenye kughushi lile neno zito ambalo sote tumelihifadhi tangu madrasa. Kilichonikumbusha habari hii ni magari ya dizeli.

Septemba 2015 shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira lilitangaza kwamba Volkswagen, kampuni ya Ujerumani, ilikuwa imeweka programu ya hila ndani ya magari yake ya dizeli. Gari likiwa kwenye mashine ya kupimia, magurudumu huzunguka lakini usukani haugeuzwi. Kompyuta ya gari ikiona dalili kama hizo inatambua kuwa huu ni mtihani, inawasha vizuri vifaa vyote vya kusafisha moshi. Gari likirudi barabarani, usafishaji unapunguzwa, na oksidi za nitrojeni zinatoka hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa. Hizo ni gesi zinazochokoza mapafu na kumzidishia mwenye pumu. Magari ya namna hiyo yalikuwa kiasi cha milioni 11 duniani.

Aliyetia mkono ndani ya fungu safari hii ni kikundi kidogo cha Chuo Kikuu cha West Virginia. Wala taasisi iliyowatuma haikuwa ikimtafuta mwizi. Ilitarajia kuonyesha kwamba dizeli safi inawezekana. Walifunga vipimo kwenye magari matatu wakayaendesha katika barabara za California, moja likafika hadi Seattle. Mawili ya Volkswagen yalivuka kiwango vibaya sana. La tatu, la BMW, kwa sehemu kubwa lilikuwa ndani ya kiwango. Nalitaja hilo la tatu kwa makusudi, maana kila penye ghushi hakosi mtu wa kukwambia kuwa biashara haiendi bila hivyo.

Wengi huishia hapo: wamedanganya, na udanganyifu ni haramu. Sawa. Lakini mimi kinachonisumbua ni kumjua aliyedhulumiwa.

Mnunuzi wa Marekani alijulikana kwa jina na akalipwa. Katika makubaliano ya 2016 kampuni ilitenga hadi dola bilioni 10 kwa ajili ya kuyanunua tena magari yale na kuwafidia wenyewe. Hata hivyo mnunuzi hakuwa ndiye aliyeumia zaidi. Gari lake lilikuwa na nguvu, lilikula mafuta kidogo, naye alikaa ndani na vioo vimefungwa. Aliyeumia ni mpita njia, na mtoto ambaye dirisha la chumba chake linatazama barabara kuu. Huyu hana risiti. Pengine hajui hata kwamba alifanyiwa jambo.

Tumefundishwa kwamba haki za waja haziishi kwa kuomba toba msikitini. Sharti umrudishie mwenyewe au akusamehe. Basi hapa utamwomba nani? Shetani hupenda kunong'ona kwamba dhuluma ikigawanywa kwa watu milioni moja inakuwa nyepesi kama unyoya. Naona ni kinyume chake. Aliyeiba kuku ana mlango wa kwenda kugonga. Aliyechafua pumzi za watu asiowajua hana mlango hata mmoja. Wanazuoni wamesema mali ambayo mwenyewe hajulikani itolewe sadaka kwa niaba yake, na katika makubaliano yale kuna kitu kinachofanana na hilo: dola bilioni 2.7 ziliwekwa katika mfuko wa kupunguza uchafuzi wa hewa. Ni afadhali kuliko hakuna. Ila mfuko ule ni wa Marekani, na pafu la mtu si fedha iliyookotwa njiani.

Rafiki yangu mmoja wa nyumbani, Mocímboa da Praia, nilipomweleza ninachoandika alicheka. “Mano,” akasema, “tangu Oktoba 2017 watu wanakimbia, mji umechomwa, umetekwa, umekombolewa, na wewe unahesabu moshi wa Wajerumani?” Ana haki ya kuuliza. Risasi na moshi si sawa, na sitaki kuvisawazisha.

Lakini moshi wenyewe si wa Wajerumani tu. Kwetu gari ni Toyota. Askari wana Hilux, mashirika ya misaada yana Land Cruiser, na chapa zinazobeba abiria nyingi ni Hiace. Januari 2024 Toyota ilisimamisha kwa muda kupeleka sokoni aina 10 za magari, Hilux na Hiace zikiwemo, baada ya kugundulika kwamba injini zake za dizeli zilipimwa kwa programu tofauti na ile ya magari yanayouzwa. Hapo kilichopambwa kilikuwa kipimo cha nguvu ya injini; moshi haukutajwa. Kwa Hino, watengeneza malori waliokuwa chini ya Toyota, moshi ulitajwa: mwaka 2022 walikiri kughushi vipimo vyake, na wachunguzi wakakuta mchezo ulianza angalau 2003. Tena magari yaliyochoka huko huletwa kwetu. Kati ya 2015 na 2018 Ulaya, Japani na Marekani ziliuza nje magari madogo yaliyotumika milioni 14, na asilimia 40 yalikuja Afrika.

Wajerumani walihitaji hila kwa sababu palikuwa na mtihani. Katika maisha yangu yote Mocímboa sijaona mtu akipima moshi wa gari. Gari chafu kwetu halina haja ya kudanganya.

Ihsani, kama tulivyofundishwa katika hadithi ya Jibrili, ni kumwabudu Mungu kana kwamba unamwona. Programu ile ni ria iliyoandikwa kwa hesabu: wema unawaka mtazamaji akiwepo, unazimika akiondoka. Na iliandikwa na watu wenye digrii. Mhandisi mmoja wa Volkswagen, James Liang, alihukumiwa Marekani mwaka 2017 kifungo cha miezi 40. Kwa Hino wachunguzi walieleza mazingira ambamo wa chini hakuweza kumwambia mkubwa wake kuwa jambo haliwezekani.

Hili linatuhusu sisi tunaosoma sasa. Vijana wengi wa Cabo Delgado tunasoma tukiitazama gesi ya Afungi. Inshallah mmoja wetu atakuwa ndiye aliyeshika kipimo huko, na huenda siku moja mkubwa akamwambia aandike namba nyingine. Nyumbani watu kumi na wawili wanakula kwa mshahara huo, wengine bado ni wakimbizi Pemba. Sisemi ni rahisi. Dharura inajulikana katika sheria. Mwenye njaa ya kufa anaruhusiwa mzoga. Lakini mafakihi hawakumruhusu aliyelazimishwa kumuua mwingine ili yeye apone. Je, kudhuru pumzi za watu kuko karibu na mzoga au karibu na kuua? Mimi naona kuko karibu zaidi na kuua, japo najua wapo watakaoniona nimevuka mpaka.

Nilimpelekea ustadhi mmoja swali hili. Hakunipa hukumu. Aliniuliza upepo wa kaskazi unavuma kutoka wapi kwenda wapi. Afungi iko kaskazini mwa Mocímboa, na kuanzia Desemba hadi Machi upepo unatoka upande huo kuja kwetu.