Msafiri, Mgeni, Mwenzi

Jua likielekea kutua, mtu huonekana mbali katika njia, naye amebeba mzigo kichwani. Uso wake haujatambulikana bado, wala ukoo wake haujulikani. Mmoja wa wanakijiji husema, "Ni msafiri." Mwingine husema, "Ni mgeni." Wa tatu hunong'ona, "Huenda ni adui." Mtu ni yule yule, na mzigo ni ule ule, lililobadilika ni jina tu.

Je, jina ni jambo dogo? Wengi hudhani hivyo. Lakini aitwaye msafiri huachwa apite. Aitwaye mgeni huwekewa kiti na maji. Aitwaye adui hufungiwa mlango. Kabla hajafumbua kinywa chake, jina limekwisha kumhukumu. Basi yafaa kuuliza: mataifa ya dunia humwitaje mtu aliye njiani? Na je, jina hilo ni lake mwenyewe, au ni la yule anayemtazama?

I. Majina yatokayo njiani

Lugha nyingi humwita mtu huyo kwa kutazama njia yake na taabu zake.

Neno la Kiswahili "msafiri" latoka katika Kiarabu. Asili yake yakaribiana na neno lenye maana ya kufunua. Ndiyo maana wataalamu wa Kiarabu wa zamani walisema kwamba safari imeitwa safari kwa kuwa hufunua tabia za watu. Maneno hayo ni ya kweli. Mtu aweza kukaa na jirani yake miaka kumi asimjue. Lakini wakitembea pamoja siku tatu, wakiwa na njaa na mvua juu yao, kila mmoja atamjua mwenzake kuwa ni mkarimu au mchoyo.

Waarabu wanalo na jina jingine: humwita msafiri "mwana wa njia". Maana yake ni kwamba mtu huyo amewaacha baba na mama nyumbani, na sasa hana mzazi ila barabara. Aweza kuwa tajiri kwao, mwenye mashamba na ng'ombe. Lakini ng'ombe hao hawamfuati njiani. Kwa sababu hiyo Korani yamhesabu mwana wa njia miongoni mwa wale wenye haki ya kupewa sehemu ya zaka.

Wafaransa humwita "voyageur". Neno hilo lilianzia katika neno la Kilatini "viaticum", yaani masurufu: chakula na fedha za kutumia njiani. Kanisa limelihifadhi neno hilo hilo mpaka leo. Komunyo apewayo mtu aliye karibu na kufa huitwa Viatiko, kwa maana mgonjwa huyo naye yu tayari kuondoka, na haifai aende bila chakula cha njia.

Waingereza humwita "traveller". Neno hilo ni ndugu wa neno la Kifaransa "travail", lijulikanalo sana Kongo kwa maana ya kazi. Yasemwa na wataalamu wengi kwamba yote mawili yalitoka katika jina la Kilatini la chombo cha miti mitatu, ambacho watu walifungwa juu yake na kuteswa. Wafaransa walichukua upande wa kazi, Waingereza wakachukua upande wa safari. Lakini mzizi ni mmoja, nao ni taabu. Hali kadhalika Wajerumani wana neno "Elend", ambalo leo maana yake ni dhiki na unyonge. Hapo kale lilikuwa na maana ya nchi ya ugeni. Kwao, kuwa mbali na nyumbani na kuwa katika dhiki vilionekana kuwa kitu kimoja.

Basi majina hayo yote husema ukweli juu ya msafiri: amechoka, ana njaa, hana ndugu. Lakini hayasemi neno juu ya yule anayemwona akipita. Mtu aweza kusema, "Yule ni msafiri," akaendelea kula chakula chake.

II. Majina yatokayo mlangoni

Kuna majina ya namna ya pili. Hayo hayatoki njiani. Hutoka mlangoni mwa nyumba.

Jina "mgeni" ni la namna hiyo. Waganda husema "mugenyi", na ndugu zake wamo katika lugha nyingi za watu wa asili moja nao. Tazama vema: hakuna awezaye kuwa mgeni peke yake. Mtu aliye katikati ya msitu, asipoonekana na mtu yeyote, ni msafiri, mgeni siye. Ili awe mgeni, sharti awepo mwenyeji. Na mwenyeji ni nani? Ni mwenye mji. Lakini mwenye mji huyo akivuka mto na kufika mji mwingine, papo hapo naye ni mgeni. Mto haukumbadili kitu. Ni mlango tu uliobadilika.

Wagiriki wa kale walikuwa na neno moja, "xenos". Neno hilo lilimtaja mtu wa mbali, likamtaja anayepokelewa, likamtaja pia anayempokea. Wafaransa nao hufanya vivyo hivyo: "hôte" ni mwenye nyumba, na "hôte" ni mgeni wake pia. Huenda mtu akasema, "Hizo ni lugha maskini, zimekosa maneno." Sivyo. Hekima imo ndani yake. Aliyekaa kitini leo atakuwa njiani kesho, na aliye njiani leo atakuwa na kiti kesho. Jina moja lawatosha wawili.

Waturuki nao wametenda jambo la kupendeza. Walichota neno katika kisima kile kile cha Kiarabu walikochota Waswahili, wakapata "misafir". Lakini kwao maana yake si mtu aendaye njiani, bali ni mtu aliyekaribishwa nyumbani. Hata Waromania, waliotawaliwa na Waturuki muda mrefu, husema "musafir" kwa maana ya mgeni. Wachina vilevile, wakimtaja abiria, huandika alama mbili pamoja, moja ya safari na moja ya mgeni. Basi neno moja limesafiri huku na huku: Waswahili wamemwacha mtu wao akiendelea kutembea, Waturuki wamemkalisha ndani.

III. Neno lililoanguka

Lakini maneno huweza kushuka kama yanavyoweza kupanda. Habari ya neno "hostis" katika Kilatini ni onyo.

Mnamo mwaka 44 kabla ya Kristu, Cicero, mtu wa Roma, aliandika kitabu juu ya wajibu wa watu. Humo aliwakumbusha Waroma kwamba kwa mababu zao neno "hostis" lilikuwa jina la mtu wa nchi nyingine tu. Mababu walilitumia kwa adui ili kuupunguza ukali wa jambo lenyewe kwa jina la upole. Lakini siku zilivyopita, neno lenyewe likawa kali. Likamwacha mgeni, likabaki kwa yule achukuaye silaha. Aliyeitwa mtu wa mbali akawa adui.

Kilatini kilikuwa na neno jingine la ukoo huo huo, "hospes", yaani mgeni na mwenyeji wake. Katika hilo likatoka jina la nyumba za kuwapokea wasafiri na wagonjwa, na leo kila mtu asemaye "hospitali" analitamka pasipo kujua. Tazama basi ndugu wawili wa tumbo moja: mmoja akawa vita, mwingine akawa nyumba ya kuponyea watu.

Ni nani aliyeamuru hivyo? Hakuna mfalme aliyetoa amri kwamba mtu wa mbali aitwe adui. Neno lilishuka kidogo kidogo, kama ukingo wa mto unavyomegwa na maji. Leo mzaha juu ya lafudhi ya mtu, kesho tuhuma kisimani, kesho kutwa mlango uliofungwa. Na mwisho watoto huzaliwa wakikuta neno limekwisha geuka, wasijue kwamba liliwahi kuwa na maana njema.

IV. Neno la mwenye shaka

Mtu mwenye busara ataleta neno hapa, wala haifai anyamazishwe. Atasema, "Si wasafiri wote walio wema. Wako waliopokelewa wakaiba. Wako waliopokelewa wakaua."

Ni kweli, na Kongo yajua jambo hilo kuliko nchi nyingi. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Zanzibar na pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa la Tanganyika, ikafika Nyangwe na Kasongo kando ya Lualaba. Misafara hiyo ndiyo iliyoleta Kiswahili katika nchi hizo, na neno lenyewe "safari" pamoja nacho. Lakini ilitafuta pembe za ndovu na watumwa. Vijiji vingi viliteketezwa, na watu wakafungwa minyororo, wakaenda safari wasiyoitaka.

Je, basi waliofungua milango walikosa? La. Aliyekosa ni yule aliyekubali jina la mgeni akatenda kazi ya adui. Dhambi yake ni mara mbili, kwa kuwa jina la mgeni humfunga anayepewa kama limfungavyo anayelitoa. Neno la Wagiriki liliwataja wote wawili kwa sababu wajibu uliwashika wote wawili: mwenyeji asimdhuru aliye chini ya paa lake, na mgeni asiisaliti nyumba iliyomlisha.

Tena, kupokea si kufumba macho. Mwenyeji ana haki ya kuuliza, "Watoka wapi? Waenda wapi? Wamjua nani hapa?" Ana haki ya kumpasha mkubwa wa kijiji habari. Hayo ni maangalizi, wala hayapingani na mapendo. Lakini mwangalifu hutazama matendo ya mtu. Mwenye chuki hutazama mahali alikotoka tu. Kumtambua adui kwa matendo yake ni busara. Kumfanya mtu kuwa adui kwa sababu amekuja kutoka ng'ambo ya mto, na lugha yake ni nyingine, ni dhuluma.

Jambo hili si la vitabu tu. Mwaka 2024 watu zaidi ya milioni 7 walikuwa wameyakimbia makao yao ndani ya Kongo. Wengi wao hawakuingia kambini. Walilala katika nyumba za watu ambao wenyewe hawakuwa na vingi. Katika kila nyumba hiyo kulikuwa na jioni moja ambapo mtu alisimama nje na mzigo wake, na mtu wa ndani akalazimika kuchagua neno.

V. Siku ya tatu

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengine huitumia methali hiyo kumfukuzia mgeni, lakini yafaa isikilizwe mpaka mwisho. Methali haikusema, "Siku ya tatu mwonyeshe njia." Ilisema apewe jembe. Na anayepewa jembe hupewa na mahali pa kulima. Hupewa kazi, na pamoja na kazi hupewa heshima, kwa sababu mtu anayelishwa daima bila kutenda kitu huinamisha kichwa. Basi siku ya tatu jina la mgeni lafika mwisho wake, na jina jipya laanza: mwenzi.

Njia hiyo ya majina yaonekana wazi kando ya mto Ruzizi. Katika Kinyarwanda "umugenzi" ni msafiri, mtu aendaye. Katika Kirundi, lugha iliyo ndugu yake wa karibu sana, "umugenzi" ni rafiki. Neno lile lile ni mtu wa njiani kwa hawa, na mtu wa moyoni kwa wale. Kwa maana rafiki ni nani, ila yule anayekwenda pamoja nawe?

Lipo neno moja la mwisho, nalo wakatekumeni hulitamka kila juma: parokia. Latoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya makao ya watu wakaao katika nchi isiyo yao. Wakristu wa kwanza waliliita kundi lao hivyo, kwa kuwa walijiona kuwa wapitaji hapa duniani. Na katika Injili ya Matayo, sura ya 25, Bwana Yezu asimulia hukumu ya mwisho, naye ajihesabu mwenyewe pamoja na wale waliofika mlangoni wakiwa wageni. Neno la Kigiriki lililoandikwa hapo ni lile lile "xenos".

Kwa hiyo aendaye parokiani husema kwa miguu yake kwamba yeye naye yu mgeni. Atapataje basi kumnyima mwingine jina hilo? Msafiri ni jina ambalo mtu huja nalo. Mgeni ni jina ambalo hupewa mlangoni. Mwenzi ni jina ambalo wawili hulitafuta pamoja kwa jembe na kwa mkate. Na adui? Jina hilo mtu hujitwalia kwa matendo yake mwenyewe. Asipewe na mwingine kwa sababu tu ametoka mbali.

Maswali ya kufikiri pamoja

1. Katika lugha ya kijiji, mtu wa mbali huitwaje? Jina hilo latoka njiani au latoka mlangoni?
2. Kuna tofauti gani kati ya maangalizi na chuki?
3. Kwa nini wahenga walisema mgeni apewe jembe, wasiseme aonyeshwe njia?