Usiiamini Kompaila Uliyoizaa

Ndugu yangu uliyekesha ukiunda lugha yako mwenyewe ya programu, najua furaha ya siku ile kompaila yako ilipotafsiri mstari wa kwanza. Furaha hiyo ni halali yako. Lakini nakuuliza: kumi toa nne toa tatu, kompaila yako inasema ngapi? Ikianza kutoa upande wa kulia itakupa 9 badala ya 3, wala haitapiga kelele. Itazaa programu safi, isiyokwama popote, na jibu lake ni uongo.

Programu ya hesabu za duka ikikosea, limeumia duka moja. Kompaila ikikosea, kosa linapandwa katika kazi ya kila aliyekuamini, naye atakesha akipekua msimbo wake usio na hatia!

Usiniambie wewe ni makini. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walitangaza matunda ya Csmith, programu inayotunga programu za C kwa kubahatisha, zikapitishwa kwenye kompaila mbalimbali na majibu yakalinganishwa. Kwa miaka mitatu waliripoti hitilafu zaidi ya 325. Kila kompaila waliyoijaribu ilinaswa ikitoa msimbo wenye makosa kimyakimya, GCC na LLVM zikiwemo. Ikiwa hizo, zenye mafundi wengi na miaka mingi, zilinaswa, ya kwako itasalimikaje bila hata jaribio moja?

Inuka, basi. Tenga folda. Andika programu ndogo, na kando yake faili lenye jibu ulilolikokotoa mwenyewe. Nakusihi, usinakili kilichotemwa na kompaila ukakiita ukweli. Huko ni kumpa mshtakiwa kiti cha hakimu. Andika na programu mbovu ambazo kompaila inapaswa kuzikataa: mabano yasiyofungwa, jina lisilotangazwa. Jaribu na hesabu zenye utata: gawanya -7 kwa 2. Katika C utapata -3. Katika Python, kwa alama ya //, utapata -4. Lugha yako imeamua nini? Wengi hawajawahi kuamua, wameachia mashine iwaamulie.

Kisha andika amri moja ya kuyaendesha majaribio yote na kulinganisha majibu, nayo iitwe kila ugusapo msimbo, hata ukibadilisha herufi moja. Kompyuta haichoki, kinachochoka ni jicho lako saa nane za usiku. Na hitilafu ikijitokeza, iandikie jaribio kwanza, lione likishindwa, ndipo urekebishe. Mimi niliwahi kurekebisha kosa la masharti yaliyopachikwa ndani ya masharti, nikaona aibu kuliwekea jaribio. Lilirudi, na safari hiyo lilikuwa limeshaharibu kazi ya mtu mwingine.

Mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra alifundisha kwamba majaribio huonyesha kuwepo kwa makosa, hayathibitishi kutokuwepo kwake. Kweli tupu. Lakini kosa lililoonyeshwa hurekebishika.

Usiku huu, kabla hujaongeza kipengele kingine chochote kwenye lugha yako, andika jaribio la kumi toa nne toa tatu.