MITI YA MANIKA NAYO NI AMANA



Ndugu Muislamu, mwezi wa tisa au wa kumi, kabla mvua haijaanza, toka nje ya Kolwezi ulitazame pori lililobaki juu ya Manika. Ardhi imekauka kama tofali, na miti ya miombo imekwisha toa majani mapya, mekundu. Nani aliyeinywesha?

Katika Surat Al-An'am, aya ya 38, Mwenyezi Mungu anatufahamisha kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Aya hii tunaipita haraka mno.

Sisi watu wa shaba twajua zaidi kilicho chini ya udongo. Lakini kuna jani dogo, jamaa ya mrihani, wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense. Huota penye shaba nyingi, ambapo mimea mingi hufa kwa sumu yake, hata wapimaji wa madini wakalifanya alama. Jingine, Crotalaria cobalticola, halioti ila kwenye vilima vya shaba na kobalti vya Katanga. Kilima kikichimbwa chote, jani hilo halina pa kuhamia. Na katika mji huu wapo waliohamishwa kwa ajili ya machimbo. Wao hawahitaji kuelezwa maana yake.

Sasa makala. Simsemi mama anayenunua kopo moja apikie watoto wake. Dharura ina hukumu yake. Nakusema wewe unayepakia lori, ukaliacha pori jeupe, kisha ukachoma moto visiki. Mti wa miombo ukikatwa na kisiki kikasalimika, huchipua tena. Ukikichoma kisiki au kuking'oa, umekula na haki ya mwanao. Nyuki nao, ambao Surat An-Nahl inataja kuwa wamepewa wahyi wafanye nyumba mitini, waende wapi?

Usiseme hifadhi ni mambo ya Wazungu. Ni kweli mbuga ya Upemba iliwekwa mwaka 1939, zama za Wabelgiji, na wazee hawakuulizwa. Lakini Mtume (s.a.w.) aliifanya Madina kuwa haram karne nyingi kabla yao: miti yake isikatwe, wanyama wake wasiwindwe. Leo Upemba wamebaki punda milia wachache, wa mwisho katika Kongo nzima, na walinzi kadhaa wameuawa wakiwalinda. Anayenunua nyama ya porini sokoni bila kuuliza imetoka wapi, anao mkono wake katika jambo hilo.

Ndugu, mvua zinakaribia. Ukiwa na shamba, acha visiki vyako vichipue. Ukiwa na uwanja tu, panda mwembe mmoja. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, kuwa akila humo mtu, ndege au mnyama, yote huandikwa sadaka kwa aliyepanda. Hata mwizi wa maembe.

Wabillahi tawfiq.